Ulimi wa Mama Adolphine na udongo namba saba

Pu. Pu. Pu.

Saa moja asubuhi, mlango wa maabara bado umefungwa, na sauti hiyo inatoka ndani: nzito, bubu, kama mtu anayegonga boga lililooza. Ukisukuma mlango ndipo unamwona mwenye sauti. Mama Adolphine Katongo, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, amekaza kitenge kiunoni na kuketi kwenye kigoda, ufunguo wa nyumba yake mkononi. Anagonga vigae vya udongo vya majaribio ya awali kimoja kimoja, anatega sikio, kisha anavitupa ndooni.

"Hibi bilikufa," anasema. "Kintu kizima kinalia kama kengele. Hiki kinakohoa."

Nyuma yake tanuri la umeme linapoa. Ndani mna vigae vitatu vilivyochomwa usiku kucha, umeme ukikatika mara mbili. Vikilia, kazi itaendelea. Vikikohoa, Adolphine atarudi sokoni alikotoka.

Maabara hii ni ya chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi. Chuo hicho kina mfuko mdogo wa kusaidia tafiti changa, zile ambazo bado hazina cha kuonyesha. Wenyewe wanaziita fedha za mbegu. Mtafiti Hénoc, kijana wa miaka thelathini na mmoja, alipewa za miezi minane ili athibitishe wazo moja: kutafuta udongo wa kutandaza ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, udongo usiopasuka kwa moto na usioacha joto likimbie.

Wazo dogo? Mji huu umewapa walimwengu shaba kwa zaidi ya miaka mia, na mama zake bado wanasongea bukari, ugali wetu, juu ya bati la pipa kuukuu, joto likiwachoma miguu badala ya kuchemsha sufuria! Nyumbani kwa Adolphine, gunia la makaa halimalizi wiki tatu.

"Bafadhili bakubwa banaomba résultats mbele," anaeleza Hénoc, akimaanisha matokeo. "Na résultats, utazipata na nini? Hii pesa ya mbegu njo inakupatia ruhusa ya kukosea."

Alikutana na Adolphine katika soko la Kenya, mtaa wa humu humu mjini, ambako mama huyo, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, alikuwa akiuza pemba: ule udongo mweupe ambao wanawake wajawazito huutafuna. Alikuwa na beseni kumi na mbili, kila moja na udongo wa mahali pake. Hénoc alinunua kutoka kila beseni.

"Nikamuuliza, 'Mon fils, mwana wangu, madame yako iko na mimba ya mapacha?' Akaseka mpaka machozi."

Wiki iliyofuata Hénoc alirudi kumwomba aje kusaga, kuchekecha, kufinyanga na kuchoma. Analipwa dola mia na ishirini kwa mwezi, fedha ambazo sokoni hakuwahi kuziona zikiwa pamoja.

Ruhusa ya kukosea waliitumia vizuri, tena kwa namna ya hapa kwetu. Udongo uliobaki baada ya kufinyanga uliwekwa kwenye sahani mezani, kila bonge na karatasi yake yenye namba. Plamedie, katibu wa idara, akiwa na mimba ya miezi saba, akaingia kutafuta saini. Hakukuta mtu. Akakuta sahani.

"Assiette iko ku meza, pemba iko mu assiette!" anajitetea hadi leo. "Namba? Nilizani banaandika bei."

Alikula namba saba, lote.

Siku tatu baadaye vigae vya kwanza vikamaliza majaribio ya moto. Kumi na kimoja vilipasuka. Kimoja tu kilipashwa na kupozwa mara thelathini kikabaki kizima: namba saba. Kamati ya mfuko ikataka jaribio lirudiwe, maana jambo lililotokea mara moja huenda ni bahati. Hénoc akafungua daftari kutazama udongo ule ulitoka wapi. Alikuwa ameandika neno moja: soko.

"Mi docteur mzima," anasema, akijishika kichwa.

Adolphine aliomba ile karatasi ya namba saba. Ilikuwa imebaki na vumbi kidogo. Akailamba, akafumba macho.

"Haina muchanga. Ku mwisho inaacha chumvi, na harufu ya mvua ya kwanza. Hii ni ya Lukafu. Nilikula hii hii na mimba ya Keren, mutoto wangu wa mwisho."

"Maman, ulimi hauwezi kuingia mu rapport."

"Andika 'instrument,' chombo ya kupimia."

Bajeti haikuwa na nauli ya Lukafu. Adolphine akajilipia mwenyewe, siku mbili juu ya lori la makaa, akarudi na matope hadi magotini na gunia begani.

"Dereva ananiambia, 'Bengine banaleta unga, weye unaleta bulongo?' Nikamujibu, 'Endesha, papa. Iko mali.'"

Sasa tanuri limepoa. Hénoc anafungua. Plamedie, mimba imefika mwezi wa tisa, amesimama mlangoni, haya ikimzuia kuingia.

"Weye! Mikono nyuma!" anamkemea Adolphine, na chumba chote kinaangua kicheko.

Kisha Adolphine anarudi kigodani. Ufunguo unagonga kigae cha kwanza.

Ngiii.

Cha pili. Ngiii.

Cha tatu anakishika kwa vidole viwili, kama yai. Hénoc anasogeza sikio. Ngiiiii, na mlio unazunguka kuta kabla ya kuzimika.

"Mashine bado haijasema," anaonya Hénoc. Zimebaki zile safari thelathini za moto, na kamati itakuja Jumanne. Lakini macho yake yamelowa, na anamkumbatia mama huyo pamoja na vumbi lake.

Adolphine anajifuta mikono kwenye kitenge, anamwendea Plamedie, anainama hadi usawa wa tumbo lile kubwa na kuliwekea kiganja.

"Sikia, mutoto. Mama yako alikula mbegu yetu. Nakuahidi mbele ya bantu bote hapa: mayi ya kukuosha siku yako ya kwanza, mi mwenyewe nitaipasha, mu mbabula ya namba saba."