Glasi za Yaya

Mpaka leo sijui kipi kilitangulia, ugonjwa au pombe. Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, alikuwa mwalimu kule nyumbani, mji wa Uvira. Hapa Toronto alikuwa akikata kuku kiwandani, hadi alipoanza kusikia sauti ukutani, kwenye chumba chake mtaa wa Flemingdon Park. Akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili, nami nikawa mkalimani wake.

Hospitali ilitaka kutupa mkalimani wa simu. Nilimkataa mimi mwenyewe. Waswahili wa huku tunajuana hata kwa kikohozi. Jumapili kanisa zima lingekuwa na habari.

Muuguzi akafungua fomu. Ana miaka mingapi? Hamsini na mbili. Ana mke? Walitengana. Anaishi na nani? Peke yake. Kazi? Hana tena. Nikaanza kukasirika. Mtu anasikia sauti, huyu anauliza habari za mke na chumba! Vinahusiana nini na kichwa?

Kisha akauliza, anakunywa glasi ngapi za pombe kwa siku?

Nilitafsiri huku nikiangalia viatu vyangu. Kwetu mdogo hamuulizi mkubwa wake jambo kama hilo. Yaya akajibu taratibu, "Umuambie ni kila siku. Tangu batoto baliendaka Mississauga na mama yabo."

Nikamgeukia muuguzi, nikasema kwa Kiingereza, "Hanywi. Sisi ni watu wa kanisa."

Akaandika sifuri. Akasema vizuri, basi hahitaji kikundi cha wanaoacha pombe, Ijumaa atarudi nyumbani na dawa zake.

Nilidhani nimemsitiri. Lakini yaya alikaa kiwandani miaka saba. Kiingereza cha ndiyo na hapana alikijua. Akanigeukia.

"Sasa nani atanisaidia?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia muuguzi nimedanganya, afute. Hakunigombeza. Alishika tu kalamu, akauliza tena: glasi ngapi?

Yaya ndiye aliyenilea. Kila alipokuja kwangu nilisikia chupa zikigongana kwenye mfuko wake wa plastiki, nami nikaongeza sauti ya redio. Sikujua ni ngapi. Nilichanganyikiwa kabisa, dada yake mzima, sijui.

Nikamgeukia. Safari hii sikuangalia viatu.

"Yaya," nikasema, "ni ngapi?"