Toleo la Majaribio kwenye Mashini ya Yaya

Tangazo lilisema wazi, kwa herufi nene: toleo hili ni la majaribio, usiliweke kwenye mashini unayofanyia kazi. Nililisoma. Tena mimi ndiye niliyelitafsiri lile tangazo kwa Kiswahili, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Nafundisha informatique, somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari hapa Butembo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kikundi kidogo cha watu wa kujitolea wanaotafsiri mfumo mmoja wa Linux kwa Kiswahili. Linux, kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendesha mashini, yaani kompyuta, kama ile mingine inayouzwa, ila huu ni wa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Wenzangu wengi wako Kenya na Tanzania. Sijawahi kuonana nao. Tunaandikiana tu, na tunaweza kubishana wiki nzima juu ya neno moja la kitufe kimoja.

Toleo lile lilikuwa la kwanza kubeba maneno yetu tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho. Nilitaka kuyaona. Nilitaka kuyaona siku ileile lilipotoka, si baada ya miezi mitatu kama watu wengine. Lakini kioo cha mashini yangu kilikuwa kimekufa, na zile za shule sikuruhusiwa kuziwekea mfumo mwingine. Ilibaki mashini ya yaya yangu.

Yaya ni dada yangu mkubwa, directrice, mwalimu mkuu, wa shule ya msingi huko Mususa, mtaa wa hapa mjini. Mashini yake ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukaikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Alikuwa ameniomba niisafishe.

"Unitolee tu ma virus," aliniambia. "Points za batoto yote ziko mule ndani, na proclamation ni samedi. Usiniharibie kitu." Proclamation ni siku wazazi wanaposomewa matokeo, na ilikuwa Jumamosi ileile.

"Yaya, nitakuwekea kitu ya muzuri kuliko. Itakuwa inasema Swahili."

"Swahili ya wapi?"

Nilicheka. Nikaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri mno. Nilinakili faili zake kwenye flashi ya shule yangu, nikaweka mfumo mpya, nikachagua Kiswahili kuwa lugha. Penye klavye, yaani kibodi, nikachagua ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye mashini zetu zote. Mwaka ule wezi walikuwa wameingia katika shule mbili za jirani wakabeba mashini, kwa hiyo niliamua pia diski nzima ifungwe kwa neno la siri: mashini ikiwashwa inauliza neno kwanza, na asiyelijua hasomi hata herufi moja. Yaya alichagua neno mwenyewe, maharagi. Nikarudisha faili zake mahali pake. Kisha nikaifuta ile flashi, maana katibu wa shule alikuwa ameshaniuliza mara mbili iko wapi.

Jumanne yaya alifanya kazi bila shida. Mashini iliwaka upesi, akashangaa. Alipoona mahali pa kutupia faili pameandikwa "Takataka" alicheka mpaka akafuta machozi. "Unaniwekea takataka kwenye mashini!" Moyo wangu ulijaa. Neno lile nililitetea mimi, dhidi ya watu wanne.

Jumatano mfumo ulisema una marekebisho mapya. Nikayakubali. Yalishuka polepole, yakala mega zangu zote za intaneti za wiki, mashini ikajizima, ikajiwasha, ikauliza neno la siri. Nikaandika maharagi.

Si sahihi. Jaribu tena.

Nikaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. Si sahihi. Hata ujumbe ule ulikuwa tafsiri yangu. Herufi hazionekani pale unapoandika, unaona nukta tu: nukta nane, sawasawa na herufi nane za neno lenyewe. Nikajaribu kwa herufi kubwa. Nikajaribu "maharage," labda tuliandika vile wanavyosema wenzetu wa pwani. Yaya akanisogeza pembeni, akajaribu mwenyewe.

"Minaandika maharagi, inakatala," alisema. Halafu akainama akaitazama klavye. "Labda herufi hazitoke vile tunafinya?"

"Yaya, clavier ni ileile. Jana ilikuwa inatumika."

Nilisema kwa sauti ile ninayotumia darasani kwa mwanafunzi aliyechelewa. Akanipisha. Nikarudi kufinya maharagi.

Alhamisi yote niliipoteza hivyo. Nilichomeka ile flashi nyingine niliyotumia kuweka mfumo, nikawasha kutoka kwayo, nikachagua Kiswahili, nikaruka haraka kurasa zilizofuata, nikajaribu kuifungua diski kwa upande huo. Ikakataa vilevile. Hapo ndipo niliogopa kweli. Niliamini marekebisho yameivuruga diski yenyewe, na kwamba pointi za watoto wa madarasa sita zimekwenda. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Niliandika kwa simu kwenye jukwaa la wajaribu nikiomba msaada. Mtu mmoja akanijibu kwa adabu nyingi kwamba toleo la majaribio haliwekwi kwenye mashini ya kazi. Aliniwekea na kiungo cha tangazo, langu mwenyewe.

Yaya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliwaita walimu wake wote waje na makaratasi ya pointi, akatoa kikokotoo, akaanza upya.

Huko Beni nina rafiki, mtu wa Kinshasa aliyetumwa kufanya kazi ya serikali, na mchana akimaliza kazi hutengeneza mashini za watu. Tulikutana katika mafunzo fulani tukazoeana. Nilimpigia simu. Akasema, "Ndeko, ndugu yangu, leta tu. Kwa simu sioni kitu." Ijumaa asubuhi nikapanda gari la Beni, mashini nimeipakata mapajani.

Njiani kuna kizuizi. Askari aliangalia mifuko yetu mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Iwashe nione."

Nikaiwasha. Ikauliza neno la siri.

"Fungula."

"Haifunguke, chef. Inakatala."

"Mashini ni ya nani?"

"Ya yaya yangu."

"Na code yake ni nini?"

"Maharagi."

Alinikazia macho. "Unanichekea?"

"Hapana, chef, siwezi. Ni maharagi kweli."

"Andika basi."

Nikaandika mbele yake. Si sahihi. Akaniambia nishuke. Abiria wengine walianza kuguna, dereva akazima injini. Kwa kweli, kwa askari yule mambo yalikuwa mepesi: huyu mtu kaiba mashini, na hata kudanganya hajui. Nikampigia yaya simu, nikaweka sauti ya nje. Askari akamuuliza mashini inafunguliwa kwa neno gani. Nyuma ya sauti yake tulisikia walimu wakisomeana pointi.

"Maharagi!" yaya alipaza sauti. "Muulize huyo ndugu yangu aliifanya nini! Ilikuwa inafunguka muzuri!"

Askari alicheka, abiria wakacheka, hata dereva. Nikarudishiwa mashini. Tukaendelea hadi Beni. Kila gari lilipopita kwenye shimo mtu mmoja nyuma alisema "maharagi," na wote wakaanza upya.

Rafiki yangu alikuwa ananingoja kazini kwake. Aliiweka mashini mezani, akaigeuza, akaisikiliza kama daktari. Yeye hapendi klavye za mashini ndogo, vidole vyake ni vinene. Akatoa kwenye kabati klavye kubwa ya pembeni, ya mitumba, iliyopita mpakani Kasindi kutoka Uganda, akaichomeka.

"Mot de passe?"

"Maharagi. Mais inakatala, nimekuambia."

Akaandika, akiangalia vidole vyake. Mashini ikafunguka.

Nilitegemea kufurahi, lakini nilitaka kuitupa dirishani. Alizima, akawasha tena, akaniambia niandike mimi kwenye klavye ya mashini yenyewe. Ikakataa. Akaandika kwenye ile ya Uganda. Ikafunguka. Akaziweka klavye mbili sambamba, akapiga meza.

"Yango wana! Ndiyo hii! Angalia A iko wapi."

Kwenye klavye yetu ya Kifaransa A iko juu kushoto. Kwenye ile ya Uganda, ya Kiingereza, mahali hapohapo pana Q. M nayo imehama. Kwa hiyo tangu Jumatano nilikuwa nafinya maharagi, na mashini inasoma alama ya nukta na mkato, halafu q, h, q, r, q, g, i. Ilikuwa na haki kabisa ya kunikatalia.

Sababu tuliipata baada ya saa nzima ya kuchimba. Yale marekebisho yalikuwa yamesahau klavye niliyoichagua, yakaweka ile "inayofaa" kwa lugha yangu. Na kwa walioandika programu ile, Kiswahili ni lugha ya nchi zenye klavye ya Kiingereza. Kongo haikuwamo kwenye orodha yao. Ukichagua Kiswahili unavushwa mpaka bila kuulizwa. Hata ile flashi niliyojaribu Alhamisi ilifanya vilevile, kwa sababu nilichagua Kiswahili nikaruka ukurasa wa klavye. Laiti ningeweka Kifaransa kama kila mtu, nisingekuwa Beni.

"Basi weka Français, umalize," rafiki yangu alisema.

"Hapana."

"Kichwa nguvu."

Tuliirekebisha klavye, tukanakili faili zote mara mbili, nikarudi na gari la mchana. Nilifika Mususa jua likiwa bado juu. Yaya na walimu wake walikuwa wamekaa katika darasa la sita, na matokeo yote yalikuwa mezani, madarasa sita, yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, yamepigiwa mistari kwa rula. Walikuwa wanamalizia kusahihisha majina.

"Imefunguka," nilisema.

"Weka pale," yaya alinijibu, bila kuinua kichwa.

Nikaiweka pale. Mwalimu mmoja, mama wa umri wa yaya, alikuwa anasugua kidole chake cha kati ambacho kalamu ilikuwa imekiachia alama. Nikamuuliza kama naweza kusaidia. Akaniambia nikawanunulie maji ya kunywa.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani, yaya akasoma majina kwa sauti yake ile ya kanisani, kutoka kwenye karatasi. Nilisimama nyuma. Baadaye nililinganisha karatasi zile na faili zilizokuwa ndani ya mashini. Zilitofautiana mahali pamoja tu, na hata pale kosa lilikuwa kwenye mashini, si kwenye karatasi. Mwenyewe nililiandika mwezi uliotangulia, nikimsaidia kuingiza pointi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake kumwomba radhi, hasa kwa lile alilosema juu ya herufi nami nikamjibu kana kwamba yeye ni mtoto. Alinisikiliza huku akichambua sombe, yaani kisamvu. Kisha akasema nimbadilishie neno la siri, liwe la herufi zisizohama kwenye klavye yoyote. Nikamwandikia orodha ya herufi hizo. Akaitazama kidogo, akachukua kalamu, akaandika: kiburitupu.

"Hii itafunguka fasi yote?" aliuliza.

"Itafunguka."

"Wasingya," akasema, shukrani ya Kinande, akarudi kwenye sombe yake.

Wiki ile nikawaandikia waundaji wa mfumo ripoti ya kosa, hatua kwa hatua, na picha. Wa kwanza akajibu kwamba kwake halitokei. Nikaeleza tena. Wa pili akasema ripoti yangu inafanana na nyingine ya zamani, akaifunga yangu. Ile ya zamani ilikuwa juu ya lugha nyingine, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Nikaomba yangu ifunguliwe. Ikafunguliwa. Ndipo wa tatu, mmoja wa wenye mamlaka ya kurekebisha, akauliza swali lake, na najua hakuwa na nia mbaya: je, kweli kuna watu wanaotumia Kiswahili na klavye ya Kifaransa?

Nilitembea kuzunguka nyumba mara mbili. Niliandika jibu refu lenye maneno ambayo yaya asingependa kuyasikia, nikalifuta. Nikaorodhesha tu: Butembo, Beni, Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi, na miji yote iliyo katikati. Nikaongeza kwamba naweza kumpigia picha ya klavye yoyote anayotaka.

Hakuiomba. Toleo kamili lilipotoka, Kongo ilikuwa imeongezwa kwenye orodha ya nchi za Kiswahili, na klavye yake ni ya Kifaransa. Nililisoma tangazo lote. Chini kabisa walieleza kwamba rekebisho hilo linawahusu wanaoweka mfumo upya. Aliyetoka kwenye toleo la majaribio itambidi afute kila kitu aanze mwanzo. Nikachukua flashi mbili, moja ya mfumo na moja ya faili za yaya, nikaenda Mususa.