Pama ya Baba Ilivyoniliza Ukweni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, niliitungua kofia ya pama ya marehemu baba msumarini nikaivaa, na aibu yote ninayowasimulia hapa ilianzia dakika hiyo, wala sitamsingizia mtu.

Nilikuwa mshenga. Tulitoka Newala, mimi na shemeji yangu, kwenda Lukuledi kumposea mwanawe Yohana, ambaye ni mpwa wangu, na baba wa binti alishatuma neno kwamba atatusikiliza mara moja tu.

"Baba Neema, ipige brashi kwanza," mke wangu aliniambia. Nikakataa. Pama ile ilikaa miaka sita bila kuguswa tangu baba afariki, maana aliivaa kila msimu wa kupulizia mikorosho dawa, na nilipokuwa mdogo, tukikaa kula mihogo, alinivika mimi ikanifunika mpaka puani, akauliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" (Kitu kama hicho hakipigwi brashi.)

Huko chini Lukuledi kuna joto kuliko kwetu juu Newala. Tulipokaribishwa nikaivua kwa adabu, nikaiweka gotini, nikafungua daftari langu lenye hoja saba, na kabla ya kusoma ya kwanza nikajifuta jasho kwa mkono uleule ulioshika pama. Macho yakawaka. Nikafuta tena, yakazidi, nikasoma "Tumekuja kwa furaha" huku machozi yananitiririka kama mfiwa.

"Mshenga," alisema shangazi wa binti, "hii ni posa au mmetuletea msiba?"

Mama wa binti hakucheka. "Huyo kijana mnayemposea anaumwa nini? Semeni sasa, msitufiche."

Shemeji akanikanyaga mguu. Nikataka kueleza, chafya ikanikatiza, nikajifuta kwa pama yenyewe (ndiyo, yenyewe), na nikaona wazi kwamba Yohana anakosa mke kwa sababu yangu.

Baba wa binti akanyoosha mkono, akaichukua pama, akainusa, akaipiga gotini mara mbili. Unga wa njano ukamwagika mkekani.

"Hii salfa ya mikorosho," alisema. "Kijana wao haumwi. Pama ya nani hii?"

"Ya marehemu baba."

"Alipulizia mwenyewe?"

"Mwenyewe, mpaka msimu wake wa mwisho."

Akaingia ndani, akarudi na kofia kuukuu iliyoliwa ukingo, yenye unga wa njano vilevile, akaiweka kando ya yangu. "Ya marehemu kaka. Nimekataza isifuliwe."

"Ndiyo maana chumba kinanuka," alisema mkewe, na hapo ndipo alipocheka.

"Mpeni maji anawe macho," alisema mumewe, "kisha asome hizo hoja zake."

Nikasoma zote saba. Posa ikapokelewa, ila shangazi akashikilia kwamba mshenga anayelia ugenini lazima atozwe faini, na hakuna aliyenitetea, hata shemeji.

Pama imerudi msumarini, bila brashi, na sasa nikitumwa ukweni nakwenda kichwa wazi. Unga wa baba ulibaki mkekani kwao na sijaudai. Faini nililipa palepale: shilingi elfu ishirini.