Mlango wa Handaki

Shangazi wa mfalme akifika mlangoni, hukunja mikono yake yenye pete na kusubiri ufunguliwe. Mabawabu wote wamekwenda vitani, lakini mazoea yana taabu. Husimama palepale akikohoa kidogo, kama anayeubembeleza ubao. Leo king'ora cha ndege za adui kimelia, naye kasimama vilevile mbele ya mlango wa handaki la kasri, mpishi na madobi wamebanana nyuma yake.

"Mtukufu, sukuma basi! Tutakufa kwa adabu!" akafoka Griet, mpishi.

Akasukuma, ukafunguka. "Kumbe! Miaka sabini nilidhani milango inanipenda."

Akaushikilia mpaka dobi wa mwisho akapita. Mabomu yakaanza kunguruma, Griet akamvuta mkono aingie ndani.

"Ndio kwanza nimepata kazi, Griet, ushaanza kunifukuza?"