Daftari Linakwenda Chita

Niliondoka Ifakara kwa sababu ya wivu. Matroni nilimwambia nakwenda kumjulia hali rafiki, akanipa ruhusa ya siku tatu, lakini ninyi majirani zangu wa Lumemo mnanijua, kwa hiyo sitawazungusha. Ujumbe wa Eufrasia uliingia kwenye simu nikiwa nakunja mashuka ya wodi ya wazazi. Ulisema hivi: "Leo, niletee daftari. Kama hujaandika kitu nampa Kabula. Yeye anataka kuandika."

Leo ndiyo mimi. Jina la ubatizo ni Leokadia, ila tangu shule ya bweni naitwa Leo, na Eufrasia hajawahi kuchoka kulichezea jina hilo. Kazi ya kufanywa leo, alikuwa akisema, Leo ataifanya kesho. Tulipokuwa kidato cha pili tulinunua kaunta buku moja tukawa tunaandika kwa zamu: unasoma ya mwenzio, unaandika yako, unaeleza na kitabu ulichokuwa unasoma, kisha chini kabisa unaweka "Leo, zamu yako" au "Eufrasia, zamu yako", unalirudisha. Tulimaliza shule, yeye akaolewa upande wa Chita akawa mkulima wa mpunga, mimi nikawa muuguzi, na daftari likaendelea kusafiri kwa makondakta wa mabasi. Sasa ni kaunta buku la nne. Lilikuwa kwangu tangu mavuno ya mwaka juzi na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Sababu ninazo. Zamu za wodini, watoto wawili, kwaya iliyonifanya katibu bila kuniuliza, na simu ambayo haiishi kulia. Nilikuwa nasubiri nafasi. Nafasi yenyewe niliijua sura yake, hata Eufrasia nilimwambia kwenye simu: asubuhi nzima, nyumba kimya, chai mezani, hakuna anayeniita. Daftari lilikaa juu ya kabati likiisubiri pamoja na mimi, na vitabu vitatu nilivyoazima vikakaa juu yake. Huyo Kabula sikumjua hata kwa sura, lakini niliposoma jina lake nilijiona kama mtu aliyeambiwa kitanda chake amepewa mgeni.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi. Kabla ya kupanda basi la Mlimba nilinunua kalamu ya pili, nyeusi, maana nyumbani nilichukua ya bluu. Mpango wangu ulikuwa wa aibu nao ulinijia nikiwa kwenye foleni ya tiketi. Nitaandika njiani. Nitaandika kana kwamba niliandika mwaka mzima, leo bluu, kesho nyeusi, kama tulivyokuwa tukijaza shajara za mwalimu wa Kiswahili asubuhi ya kuzikusanya.

Kabla hatujafika Namwawala nilikuwa nimeshamaliza Krismasi. Barabara ilikuwa imechimbwachimbwa na mvua za masika, kalamu ikawa inaruka inakotaka. Pembeni yangu alikaa baba mmoja wa makamo, kofia magotini, akichungulia bila kujificha.

"Mwalimu wewe?" akauliza.

"Hapana baba, muuguzi."

"Aa, basi. Nilidhani ni barabara. Wauguzi mwandiko wenu ndio huohuo hata gari likisimama."

Nilicheka kwa adabu nikageuzia daftari dirishani. Niliandika Jumatano ya Majivu kwa wino mweusi. Niliona nitie kitu cha mashambani kumfurahisha Eufrasia, nikaandika kwamba jirani ameniletea pepeta ya mpunga mpya, uliokaangwa na kutwangwa, bado ya moto, nikaila nikisoma hadi kikombe cha chai kikapoa. Niliona ni pazuri. Nikaongeza na vijistari vyake. Eufrasia ana mtindo wake, katikati ya sentensi huweka kijistari kilichoinama, hivi /, halafu anaendelea. Tangu aolewe anaandika hivyo, nami sikuzote nilivipenda, nikaona ni ufundi wa mtu anayejua mahali pa kuvuta pumzi. Nikaviweka vitatu.

Idete, Mbingu, Mngeta. Kila basi liliposimama nilishuka, nikanunua kitu nisichokitaka, nikapanda tena. Karanga. Ndizi. Maji. Sikuweza kutulia. Nilisoma nilichoandika nikakiona kizuri, nikakisoma tena nikakiona kinanuka. Nilifungua simu kuangalia kama Eufrasia kaandika, nikaifunga, nikaifungua. Yule baba alisinzia, nami nikamwonea gere hata usingizi wake.

Chita nilishuka saa saba kasoro. Bodaboda alinifikisha mwisho wa barabara ya mashamba, akaniambia kutoka hapo ni miguu tu, kuna tope. Nilivua viatu. Mpunga ulikuwa umeiva nusu, manjano juu na kijani chini, na katikati yake madungu yamesimama kwa umbali wa kuitana, kila moja ni miti minne, kitanda cha fito na paa la nyasi. Wakati huu wa mwaka watu wa bondeni hawakai nyumbani. Wanahamia shamba, na tangu alfajiri hadi jua kuzama mtu yuko juu ya dungu analinda ndege. Ukishuka nusu saa, kweleakwelea wanashuka kundi zima na mavuno ya mwaka unayaona yanaruka.

Eufrasia alikuwa juu, kitabu kisicho na jalada mapajani, kamba ya makopo imezungushwa kwenye kidole gumba cha mguu. Hakushuka.

"Umekuja?"

"Nimekuja."

"Za Ifakara?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Za hapa unaziona. Panda, halafu lete."

Hatukuwa tumeonana kwa mwaka na miezi, na hakunitazama uso, alitazama mkoba. Nilimpa daftari. Akafunga kitabu chake, akasoma Krismasi. Katikati akavuta mguu, makopo yakalia shamba zima, wingu la ndege likainuka upande wa pili, akarudi kusoma. Nilikaa nikichuna nyasi za paa. Alipofika Jumatano ya Majivu akaacha kusoma.

"Leo. Pepeta?"

"Ndiyo. Jirani aliniletea."

"Ya mpunga mpya?"

"Ya mpunga mpya."

"Jumatano ya Majivu sisi tuko kwenye palizi, mpunga wenyewe haujafika kiunoni. Huyo jirani yako alivuna wapi? Halafu ukaila hiyo pepeta, siku ya kufunga, wewe katibu wa kwaya."

Nilihisi masikio yanawaka. Mtu aliyezaliwa katika bonde hili, aliyetwanga pepeta na mama yake kila mpunga ulipoanza kukomaa, nimesahau mwezi wake. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kununua mchele dukani.

"Na hivi vijistari?" akauliza, sauti imeshuka.

"Si ndio mtindo wako?"

"Mtindo?" Alinitazama usoni sasa, mara ya kwanza. "Leo, hapo ndege wamekuja. Naacha kalamu, navuta kamba, napiga kelele. Nikirudi naweka kijistari ili nijue nilipoishia, niendelee. Hakuna mtindo hapo." Akageuza daftari likanielekea, akaweka kidole. "Wewe hapa ulifukuza ndege gani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikisoma kurasa zake nikimwonea wivu utulivu wake. Nilijiambia yeye ana bahati, anakaa shamba, hana zamu, ana muda. Kumbe kurasa zilizonifanya nione haya zimekatwakatwa na kweleakwelea mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kulia, nikatazama mpunga.

Alichukua kalamu akaandika juu ya ukurasa wangu: "Haya yameandikwa ndani ya basi." Akanirudishia. Jioni tulipika wali na dagaa kibandani mwake kando ya shamba, tukazungumza habari za watoto. Ya daftari hayakutajwa, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema.

Asubuhi ya siku ya pili alivaa kanga safi. Alikuwa na kikao cha wazazi shuleni, akaniambia mume wake yuko shamba la chini, kwa hiyo nitalinda mimi.

"Mimi?"

"Mikono unayo. Daftari hili hapa. Si ulisema unatafuta asubuhi nzima?"

Akaondoka. Nilipanda dunguni nimefurahi kama mjinga. Asubuhi nzima, hakuna anayeniita, chupa ya chai ubavuni. Nilifungua daftari nikaandika: "Nimefika Chita." Makundi mawili yakashuka kwa pamoja. Nilivuta kamba, nikasahau kupiga kelele, hawakuondoka wote. Nilirudi, nikaandika neno moja, wakaja tena. Kufika saa tatu nilikuwa nimetupa kalamu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Niliwatukana wale ndege matusi ambayo katibu wa kwaya hapaswi kuyajua.

"Dada, shikamoo," sauti ikaita kutoka dungu la jirani. "Usivute kamba mapema. Ngoja wainame kwanza, ndipo uvute. Wakishtuka wakiwa wanatua wanazunguka tu wanarudi."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Kabula."

Alikuwa binti wa Kisukuma, mtoto mgongoni, kombeo mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alinifundisha kuvuta kamba, na katikati ya kelele akaniambia aliishia darasa la nne, akachungishwa ng'ombe, na kwamba Eufrasia humsomea kutoka dungu hadi dungu, kwa kupaza sauti, ukurasa mmoja hadi ndege waje.

"Nasikia wewe ndiye Leo mwenyewe," akasema. "Kurasa zako za zamani ananisomea. Ile ya mama aliyejifungua mapacha mvua inanyesha, niliomba arudie."

Ukurasa ule niliuandika kabla sijapata mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimeusahau.

Nilirudi kwenye daftari. Sikutafuta tena sentensi nzuri. Niliandika masikio yalivyowaka, yule baba wa kofia, pepeta ya mama, Kabula na kombeo lake. Ndege wakija naweka kijistari, navuta kamba, napiga kelele, narudi nilipoishia. Kuna sentensi ina vijistari vinne. Saa nane nilikuwa na kurasa mbili, na mkono unauma. Mpunga haukuwa salama wote, nisidanganye. Kona ya mashariki waliila.

Eufrasia aliporudi aliiona kona hiyo kabla hajaniona mimi. Akapanda, akatwaa daftari, akasoma polepole. Safari hii alicheka mara mbili. Akageuza ukurasa, akafika mwisho.

"Huyu ni wewe," akasema.

Kisha akachukua kalamu, na moyo wangu ukaruka, maana nilidhani anaandika chini ya ukurasa kwamba sasa ni zamu yake, kama zamani. Niliinama nisome. Aliandika: "Kabula, zamu yako."

"Lakini nimeandika," nikasema. Nilisikia sauti yangu ilivyokuwa, kama ya mtoto.

"Umeandika siku moja. Yeye amesubiri miezi. Wewe ni wa tatu sasa, Leo. Foleni si unaijua?"

Alishuka akampelekea. Kabula alilipokea kwa mikono miwili, akaniita kutoka kule: "Sitachelewa dada, mimi naandika kidogo tu." Nilimpungia mkono. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

Siku ya tatu nilirudi Ifakara na Fuso lililobeba mpunga wa msimu uliopita, nimekaa mbele na dereva asiyependa maongezi. Mkoba ulikuwa mwepesi. Mbingu, Idete, Namwawala, kila mahali mkono ulitafuta daftari haukulikuta. Kabla hatujaingia mjini nilikuwa nimejaza nyuma ya tiketi ya basi na karatasi niliyofungiwa karanga. Gari liliporuka niliweka kijistari.

Wiki tano zilipita. Wivu haukuisha, nisiwadanganye, ila niliandika. Niliandika kwenye daftari la watoto la hesabu, nikisubiri maji ya chai yachemke. Kitabu kimoja kati ya vile vitatu nimekimaliza, kurasa mbilimbili, nikiwa nimesimama. Jumamosi kondakta wa basi la Mlimba alinipigia, kuna mzigo wangu stendi. Ulikuwa umefungwa kwa kanga kuukuu. Eufrasia alikuwa ameandika kurasa sita. Kabla yake, Kabula nusu ukurasa, herufi kubwa zinazopanda mlima, kuhusu ndama aliyempoteza alipokuwa mdogo na jinsi alivyoogopa kurudi nyumbani. Vijistari kumi na moja. Nilivihesabu nikiwa nimesimama palepale stendi, watu wakinipita.

Chini kabisa ya kurasa za Eufrasia palikuwa na mwandiko wa Kabula tena. Nadhani aliombwa aandike yeye. Hakuweka mkato: "Leo zamu yako."

Haya mnayoyasoma, majirani, nimeyaandika kwanza ndani yake, wodini, meza ya dawa, kati ya kitanda cha kwanza na cha mwisho. Nilitaka kumalizia kwa kuwaeleza vizuri nilichojifunza safarini, nimekipanga tangu jana, lakini mama wa kitanda cha tatu ananiita, uchungu umeanza /

Ni mtoto wa kike. Nimerudi.