Ndama Alitangulia

Lori la ng'ombe limesimama mbele ya duka langu, limelowa mvua, na harufu ya manyoya mabichi imenirudisha mtoni.

Migori wakati ule ilikuwa maduka machache ya mabati kando ya mto. Siku hiyo mto ulikuwa umefurika, na ng'ombe wa mahari ya kaka yangu walipaswa kufika ng'ambo kabla ya jua kutua, la sivyo wakwe wangesema tumewadharau. Wanaume waliwachapa na kuwapigia kelele, lakini kila walipogusa maji, ng'ombe waligeuka. Watu wa madukani wakatoka kutucheka.

"Baba, mtangulize ndama," nikasema. Mimi ndiye niliyewachunga. Nilijua yule ng'ombe mwekundu hamwachi mwanawe.

"Msichana, nyamaza!" baba mdogo akanikaripia.

Baba alinitazama, kisha akambeba ndama hadi kwenye mtumbwi. Nikapanda naye, nikamkumbatia shingo. Tulipofika katikati akalia. Mama yake akamjibu, akajitosa, na kundi zima likamfuata, pembe tupu juu ya maji.

Ng'ambo wanawake walitupokea kwa vigelegele. Baba mkwe wa kaka akauliza, "Nani kawavusha na mto huu?"

Baba aliniwekea mkono kichwani. "Nyara," akasema kwa Kijaluo. "Binti yangu."

Jioni nikakalishwa pamoja na wanaume, nikapewa sahani yangu ya nyama. Baba mdogo akanyoosha mkono achukue kipande. Nikaisogeza sahani mbali naye.