Matundu Niliyoyaziba

Wodi ya watoto ilinuka dawa ya kuoshea sakafu, maziwa yaliyochacha na moshi wa kuni uliotufuata nguoni kutoka Kitahana. Nilikuwa na miaka minane, nimefuatana na mama kumuuguza mdogo wangu Neema, aliyelazwa kwa nimonia. Juu ya madirisha ya pande zote mbili mjenzi alikuwa amepanga matofali yenye matundu, na upepo wa kipupwe wa Kibondo uliingia upande huu ukatokea ule bila hodi. Sisi watu wa milimani tunaogopa baridi kuliko simba. Kwetu kila kikohozi kimeletwa na baridi, basi. Mama alinipa vipande vya kitenge. “Mwana wanje,” akaniita, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu, “wewe ni mwepesi. Panda uzibe hapo, baridi isimuue mwenzako.” Nikasimama kwenye chuma cha kitanda, nikaziba tundu moja moja. Akina mama wengine wakanisifu, wakaniita na kwao, nami nikavimba kichwa. Jioni wodi ilikuwa na joto kama jikoni.

Kitanda cha mbele yetu mtoto mwenye macho mekundu alikohoa kutwa. Siku ya tatu vipele vikamtoka, akahamishwa. Surua. Muuguzi, mama mmoja kutoka Moshi, akatazama juu. “Nani kaziba? Hewa chafu itokee wapi?” Mama yangu akanibana mkono nisijitaje. Muuguzi akachomoa vitambaa kwa mpini wa fagio, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wiki ya pili Neema, aliyekuwa karibu kuruhusiwa, akawaka homa, na vipele vikamjaa uso. Niliogopa hata kumgusa. Nilimwomba Mungu ugonjwa ule auhamishie kwangu. Neema alipona, ila jicho la kushoto halikuona tena.

Mwezi uliopita Neema alimlaza mwanawe katika wodi mpya huku Kasulu. Dari iko juu, vitanda vimeachana, madirisha mapana yanatazamana, na upepo ni ule ule. “Dada, funga dirisha, mtoto atakufa kwa baridi,” akasema, kwa sauti ya mama kabisa. Nikavua sweta langu nikamfunika mtoto, dirisha nikaliacha wazi.

“Dada, mbona mkaidi hivyo?”

Mama ameshafariki, na siri ile nimebaki nayo peke yangu. Nikazunguka kitanda, nikaketi upande wa jicho lake zima, anione vizuri, nikamwambia.